Jiwe Lenye Masizi Pande Zote

Pale njiapanda ya Lusahunga walikuwa wanaziba mashimo ya barabara, na harufu ya lami ya moto ikanishika puani kabla sijashuka vizuri kwenye pikipiki. Nikasimama. Mjukuu wangu Jeneroza, aliyekuwa kwenye pikipiki ya mbele na sanduku lake la bati, akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ninanusa. Alinitazama kama watoto wanavyomtazama mzee anayeanza kuchanganyikiwa, kisha akaburuta sanduku lake hadi kwenye kivuli cha kibanda cha chai.

Mimi harufu ile sikuijulia barabarani. Lami yenyewe niliiona ukubwani, nimeshaolewa huku Runazi na nina watoto wawili. Siku nilipoinusa mara ya kwanza kwenye barabara nilisimama hivyohivyo, maana nilikwisha kuinusa utotoni, kwetu Bukiriro, mahali ambapo hapakuwa na lami wala gari la kupita juu yake. Niliinusa jikoni kwa mama yangu. Na jambo la jikoni hapo nimelibeba miaka yote, nikalisema kwa mtu mmoja tu, naye ameshalala kaburini. Nyinyi wenzangu mliokulia moshi kama niliokulia mimi, nadhani hamtanicheka. Mkinicheka pia sawa.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, migomba imekizunguka pande tatu. Ukiingia kutoka juani huoni kitu kwanza. Unasikia chungu kinatokota, unasikia harufu ya majani ya mgomba yaliyofunika maharage, halafu macho yanazoea na unayaona mafiga, kwetu tunayaita amashiga, mawe matatu yaliyokaa kama wazee wanaoteta. Upande wa ndani, unaolambwa na moto, yalikuwa meusi tii. Upande wa nje yalibaki na rangi yao ya jiwe. Mtoto aliyelelewa jikoni anajua jambo moja kuhusu mawe: jiwe haliwi jeusi lenyewe. Likiwa jeusi, kuna mtu amepika.

Na anajua jambo la pili. Si kila jiwe linafaa kuwa figa. Mawe mengine yakipata moto sana hupasuka, yanalia kama bunduki, vipande vinaruka hadi ukutani. Mama alikuwa anayachagua mwenyewe huko mtoni, anayagonga, anasikiliza. Baba hakuruhusiwa kugusa kazi hiyo. Mama alisema wanaume hawajui kuchagua figa, huchukua lolote lenye sura nzuri.

Nyumba yetu ilikuwa na desturi yake. Sijui kama majirani waliifanya, sikuwahi kuuliza. Mtu akienda safari ya mbali, mwenye jiko hukwangua masizi upande wa ndani wa figa, huyalainisha kwa mate, humpaka msafiri kisigino cha kulia. Mguu uliopakwa masizi ya kwake hausahau njia ya kurudi. Ndivyo Mama alivyoambiwa na mama mkwe wake alipokuja kuolewa, ndivyo alivyofanya.

Siku hizo wanaume wa kwetu walikuwa wanakwenda Buganda kuchuma kahawa na kulima pamba za watu. Baba aliondoka na jirani yetu mmoja, Petro, asubuhi moja ya baridi, ukungu umejaa bondeni. Mama alimwinamia pale mlangoni pa jiko akampaka. Baba alikuwa mtu wa utani, akamwambia huko Buganda watadhani ameoa mwanamke asiyemchotea maji ya kuoga. Mama akamjibu kwamba huko hakuna mtu wa kumwangalia kisigino, na akimpata huyo mtu asirudi kabisa. Wakacheka wote wawili. Nilikuwa na miaka saba, labda minane. Nikacheka nao bila kujua kinachochekesha.

Baba alisema maharage yale tuliyokuwa tunapanda tutayavuna pamoja.

Nilipewa fimbo yake nimbebee hadi mtoni. Bondeni mvua ilikuwa imeharibu njia, tope hadi kwenye vifundo. Petro alikuwa ametangulia. Baba akachukua fimbo, akanishika kichwani, akavuka, maji yanamfikia magotini. Ng'ambo akaketi kwenye jiwe, akang'oa majani, akaanza kunawa miguu. Akasugua wa kushoto. Akasugua wa kulia, vidole, wayo, kisigino. Kisigino alikisugua sana kwa sababu kilikuwa kichafu kuliko pengine. Niliona weusi ukishuka na maji kama mstari wa wino, ukanyooka kidogo, ukapotea.

Nilitaka kumwita. Lakini mtoto wa kwetu hampigii baba yake kelele kumwambia amekosea. Akavaa makubadhi yake ya mpira wa gari, akainua fimbo juu, akaingia kwenye ukungu. Nikarudi nyumbani. Mama akauliza kama amevuka salama. Nikasema amevuka. Ni kweli, alivuka. Lile lingine sikulisema.

Maharage yalichanua, yakafunga, tukayavuna wawili. Nilikuwa nalivuna kila ganda na hofu yangu. Baada ya mavuno Petro akarudi, ana blanketi na birika jipya. Alikuja kwetu kabla ya kwenda kwake, na hiyo peke yake ilitosha kumfanya Mama aketi. Akasema waliachana njiani, Baba alifuata kazi nyingine mbele zaidi, alikuwa mzima, alitusalimu. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Nani anampikia?"

"Anajipikia mwenyewe," Petro akasema, huku anaangalia birika lake.

Sasa nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimefiwa, najua Mama alikuwa anauliza nini. Wakati ule nilisikia maneno kama yalivyotamkwa. Baba anajipikia. Basi Baba ana jiko. Ana mafiga matatu mahali fulani, na ameyachagua mwenyewe. Hilo la mwisho lilinitia wasiwasi.

Siku si nyingi baadaye nilikuwa kwenye shamba la juu, naokota maharage yaliyodondoka kwenye mabua. Jua la mchana, mbingu haina wingu. Ukapasuka mlio, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka nikasikia kifua kinatikisika. Baada yake ikaja sauti kama mtu anachana kitenge kipya. Kuku walikimbilia chini ya migomba. Wakubwa walisema ni mizinga ya ng'ambo, Burundi, wakaingiza mbuzi na watoto ndani, na hakuna aliyetoka kutafuta kitu. Lakini mimi kabla ya kukimbia nilikuwa nimeona vumbi limefuka hatua chache kutoka niliposimama.

Wasiwasi ulipopungua nikarudi. Lilikuwa pale, nusu ndani ya udongo, ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Jiwe. Halikuwa na joto la kuunguza. Lilikuwa jeusi, na weusi wake haukuwa wa kung'aa. Jua lilikuwa linalipiga sawasawa na bado lilikuwa kama kishimo. Nikalinyanyua nikakaribia kuanguka kinyumenyume, kwa sababu nilijitayarisha kwa uzito wa jiwe na halikuwa nao. Upande mmoja lilikuwa limemeguka, na ndani pia lilikuwa jeusi. Nikalipeleka puani. Harufu sikuijua. Si moshi, si mafuta ya taa, kitu katikati.

Mnaona nilivyofikiri. Jiwe jeusi ni jiwe lililopikiwa. Hili limepikiwa hadi likawa na masizi pande zote, kwa hiyo mwenyewe hajui kulipanga, analigeuzageuza. Limelia kama bunduki, likaruka. Mwanamume mmoja tu nilimjua anayejipikia. Nilikuwa na hakika kabisa, kuliko hakika yoyote niliyowahi kuwa nayo tena maishani, kwamba lile ni figa la Baba, amechagua jiwe baya, limempasukia, limeruka hadi kwetu. Niliwaza amebaki na mafiga mawili, na juu ya mafiga mawili chungu hakikai. Kwa hiyo atakuwa na njaa. Kwa hiyo atarudi.

Nililificha chini ya majani makavu ya mgomba siku mbili. Siku ya tatu Mama alikwenda bondeni kukata nyasi za kuezekea, akaniachia chungu cha maharage nikichunge. Nikajua la kufanya. Masizi ya kwetu yaliondoka na maji mtoni, na mimi niliona nikanyamaza. Sasa masizi ya kwake yamekuja. Nikiyaweka pamoja na ya kwetu, mguu wake utakumbuka. Nikashusha chungu kwa majani ya mgomba, nikavuta figa moja la Mama, nikaweka la Baba, nikarudisha chungu. Kilikaa. Niliketi mbele yake nimekunja mikono kama mtu aliye kanisani.

Maharage yakachemka. Povu likapanda, likafurika, likashuka ubavuni mwa chungu hadi kwenye jiwe jipya. Jiwe likalia chii, na ile harufu ikajaa jikoni, nzito, inakaa kooni. Ndiyo hii wanayoipika leo kwenye mapipa pale Lusahunga. Nikapiga chafya. Nilipofungua macho niliona jiwe linalainika. Kingo zake zilikuwa zinabomoka kama muhogo uliolowekwa siku nyingi, zinateremka, zinakuwa tope. Chungu kikainama pole pole kama mzee anayeketi, kikamwaga maharage yote motoni.

Mama alinikuta nimesimama kwenye moshi na majivu. Alitua nyasi zake. Alikuwa mwanamke mwenye mkono mwepesi, na chungu kile kilikuwa chakula chetu cha siku nzima.

"Figa langu liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, pale nje.

"Na hili umelitoa wapi?"

"Ni la Baba."

Akaniangalia. Basi nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nikasema ya mlio, ya vumbi, ya jiwe kupasuka, kisha nikajikuta nimerudi mtoni kwenye ukungu, nikasema alinawa miguu, alisugua kisigino, masizi yote yalikwenda na maji, na mimi niliona na sikumwita. Nikangoja fimbo.

Mama akaketi kwenye kigoda.

"Mtu akivuka maji hunawa miguu," akasema. "Hata mimi ningenawa."

Hakusema zaidi juu ya hilo, siku ile wala siku nyingine yoyote. Aliinama, akachota lile tope jeusi kwa viganja, akalinusa. Alilinusa kwa muda mrefu, mtu ambaye hakuwa na tabia ya kunusa vitu. Kisha akalisiliba kwenye kizingiti cha jiko, akalisawazisha kwa kiganja kama tunavyosiliba sakafu, mpaka likaisha. Wakati ananawa aliniuliza bila kunitazama, "Lilitokea upande gani?"

Nikamwonyesha. Akageuza uso wake upande ule akaangalia, juu ya migomba, hapana kitu. Halafu akaniambia nikalete ndizi mbivu tule.

Baba hakurudi. Hakuna habari iliyokuja, ya uzima wala ya kifo. Mama alivuka kizingiti kile kila siku hadi alipokufa, na sikumwona hata mara moja akikanyaga katikati. Mimi nilipoolewa Runazi alinipaka kisigino, mwanamke mzee sasa, anainama kwa shida. Nilivuka mito miwili bila kunawa miguu, na kwa wakwe nilikaa siku mbili na kisigino kichafu wakiniteta kwamba Wahangaza, watu wa kwetu, wamewaletea mwali asiyeoga. Niliwaacha watete. Na nilirudi Bukiriro kila mwaka, hadi hapakuwa na wa kumrudia. Mara ya mwisho jiko lilikuwa limeanguka, na migomba ya mtu mwingine imeota palipokuwa kizingiti. Migomba ilikuwa imestawi kuliko ya jirani. Nilisimama hapo nikakosa la kufanya na mikono yangu.

Haya. Nirudi Lusahunga.

Huyu Jeneroza ni mtoto wa binti yangu aliyeko Mwanza. Nimemlea tangu hajaota meno. Amefaulu, amepangiwa kidato cha tano huko Songea, na mimi Songea siijui hata iko upande gani. Basi lilikuwa linatoka Rusumo na limechelewa, akatoa kitabu. Watoto wengine wangetoa simu. Niliona picha kwenye kitabu, kitu kama kiazi kilichosahauliwa kwenye majivu, nikamuuliza ni nini. Akasema ni asteroidi.

Niliishia darasa la nne, nikamwambia aongee kama mtu. Akacheka, akaongea. Akasema ni jiwe, liko huko mbinguni, katikati ya nyota mbili zinazotembea, Mirihi na Mshtarii, na upana wake ni kama kutoka Ngara hadi Biharamulo na zaidi. Halina hewa, halina mtu. Linajizungusha lenyewe kama mara tatu katika siku yetu moja, huku linalizunguka jua, na kulizunguka mara moja linatumia miaka mitano na kitu. Njia yake si duara kamili, imevutwa kidogo na imelala upande, kwa hiyo kuna miaka linasogea karibu na miaka linakwenda mbali. Ndani halijashikana sana, lina uwazi, ndiyo maana ni jepesi kwa ukubwa wake. Na ni jeusi. Mwanga wa jua ukilipiga, karibu wote linaumeza.

"Jeusi la nini?" nikauliza.

"Kaboni, Bibi. Ni kitu kilekile cha makaa. Cha masizi."

Nikamuuliza kama masizi hayo yako upande mmoja au kote. Akasema kote, na ndani pia. Akasema vipande vya mawe ya namna hiyo huanguka duniani mara chache, vinanuka ajabu, na visipookotwa upesi mvua inavifanya tope. Hakujua ananiambia nini. Alikuwa anatafuta ukurasa.

Kwamba halikuwa figa la Baba nilikuwa nimelijua zamani, mimi si mjinga. Lakini kujua peke yako ni kitu kimoja, na kuambiwa mchana kweupe na mtoto uliyemlea ni kingine. Niliketi juu ya sanduku la bati nikaangalia malori.

"Na halipotei?" nikamuuliza. "Miaka yote hiyo, huko peke yake, halina njia iliyochorwa."

"Halipotei. Wanajua kila siku litakuwa wapi. Linarudi tu."

Nikamwambia anihesabie. Tangu nikiwa na miaka saba, au minane, hadi leo, limekwenda na kurudi mara ngapi. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza, kama mama yake. Akasema mara kumi na moja, labda kumi na mbili.

Mara kumi na mbili. Jiwe lisilo na mama wala mtoto. Nikawaza, wamelipaka kote, ndiyo sababu. Sisi Baba tulimpaka kisigino kimoja tu. Tulimpaka kidogo.

Jeneroza akauliza kwa nini naangalia chini. Nikamwambia kwa kifupi habari ya kisigino, ya mtoni sikumwambia. Akasikiliza vizuri, ana adabu huyu mtoto, kisha akasema kwa utani kwamba mimi siku hizi ninapikia jiko la mkaa la bati, halina mafiga, kwa hiyo yeye ameponea.

Nikanyanyuka. Nikavuka barabara hadi kwenye pipa. Yule fundi wa lami akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikamwambia nataka lami kidogo, iliyopoa. Akauliza ya kazi gani, kuna bati linavuja? Nikasema ya kisigino. Wenzake wakacheka wakasema bibi ana dawa yake. Alinikwangulia iliyoganda ukingoni mwa pipa, akaniwekea kwenye kijiti, ingali laini, ina uvuguvugu.

Nilimwambia Jeneroza avue kiatu cha kulia na soksi. Akaangalia watu waliokuwa wanakunywa chai, akaniangalia mimi, akavua. Niliinama. Magoti yangu yalilalamika na sikuyasikiliza. Nikampaka kisigino chote, na pembeni, na nyuma kupanda juu kidogo, nikasawazisha kwa kidole gumba. Harufu ikanipanda puani na macho yakaniuma, ni lami hiyo, inauma macho.

"Bibi," akasema, sauti ndogo, "lami haitoki kwa maji."

Nikamwambia avae kiatu, basi limefika.